Mtoto wa Kupakatwa Ndegeni: Yampasayo Abiria Kuyajua Kabla ya Safari Ndefu

Kwa mkazi wa Chunyu, wilayani Ruangwa, safari ya ndege haianzii uwanjani. Huanzia barabarani: Ruangwa mjini, kisha Nanganga, kisha Mnazi Mmoja ambako njia hugawanyika, moja ikielekea Mtwara na nyingine Lindi hadi Dar es Salaam. Mama anayempeleka mtoto kwa baba yake aliyeko masomoni Guangzhou, au anayempeleka kutibiwa Mumbai, au anayemfuata ndugu Muscat, huwa amekwisha kusafiri saa nyingi kabla hata hajaiona ndege. Somo hili limeandikwa kwa ajili ya abiria wa namna hiyo, ambaye pengine anapanda ndege kwa mara ya kwanza, na anapanda akiwa na mtoto wa chini ya miaka mitatu mkononi.

Tuanze na tiketi, kwa kuwa hapo ndipo fedha hupotea. Mashirika ya ndege huwagawa abiria kwa umri katika mafungu matatu: mtoto mchanga, yaani ambaye hajatimiza miaka 2, mtoto, kuanzia miaka 2 hadi kabla ya kutimiza 12, na mtu mzima. Mtoto mchanga anayepakatwa, asiye na kiti chake, kwa kawaida hulipiwa katika safari za kimataifa takriban asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Aliyetimiza miaka 2 sharti awe na kiti, na nauli yake mara nyingi huwa kama asilimia 75 ya ile ya mtu mzima. Yapo mashirika yanayotoza nauli kamili. Umri unaohesabiwa ni wa siku ya kusafiri. Siku ya kukata tiketi haihusiki.

Tuchukue mfano. Mama ameuza ufuta, anaondoka mwezi Julai na kurudi Oktoba. Mtoto wake anatimiza miaka 2 tarehe 20 Septemba. Tuseme nauli ya mtu mzima, kwenda na kurudi, ni shilingi 2,000,000. Wakala asiye makini atamwandika mtoto kuwa mchanga kwa safari zote mbili na kutoza shilingi 200,000. Lakini siku ya kurudi mtoto huyo si mchanga tena, anahitaji kiti. Hesabu iliyo sahihi kwa mfano huu ni shilingi 100,000 za kwenda na shilingi 750,000 za kurudi, jumla 850,000. Tofauti ya shilingi 650,000 ni kubwa, lakini ni afadhali kuijua ukiwa Ruangwa kuliko kuambiwa kwenye kaunta ya uwanja wa ugenini, ambako kiti kitauzwa kwa bei ya siku hiyo, kama kipo. Mwambie wakala tarehe ya kuzaliwa ya mtoto hata kama hakuuliza, na uisome tena kwenye tiketi kabla ya kulipa.

Hata mtoto anayelipiwa asilimia 10 tu lazima jina lake liwemo kwenye tiketi. Wapo wanaodhani kuwa mtoto wa mgongoni hupita bure kama kwenye basi. Sababu si ushuru peke yake. Juu ya kila safu ya viti kuna barakoa za hewa ya oksijeni, na idadi yake huzidi viti kwa barakoa moja tu katika kila fungu la viti. Kwa hiyo watoto wawili wa kupakatwa hawawezi kuketi katika fungu moja, na kila ndege ina kikomo cha watoto wa namna hiyo. Mtu mzima mmoja huruhusiwa kumpakata mtoto mmoja. Mwenye pacha akisafiri peke yake itambidi amkatie mmoja wao kiti, au atafute mtu mzima wa pili, na baadhi ya mashirika hayatamkubali kabisa bila mwenzi.

Kuhusu mtoto aliyezaliwa karibuni, mashirika mengi hayampokei aliye chini ya siku 7, mengine siku 14, na baadhi hutaka cheti cha daktari. Si urasimu mtupu. Hewa ndani ya ndege ikiwa juu hufanana na hewa ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400, na mapafu ya mtoto wa siku chache bado yanajifunza kazi yake.

Nyaraka zichukuliwe mapema kuliko kitu kingine chochote. Kila mtoto, hata wa mwezi mmoja, huhitaji pasipoti yake mwenyewe, na pale nchi aendako inapodai viza, huhitaji viza yake mwenyewe. Pasipoti haitolewi pasipo cheti cha kuzaliwa. Basi mtoto ambaye hajasajiliwa na RITA hana safari. Nchi nyingi hutaka pasipoti iwe na uhai wa miezi 6 zaidi ya siku ya kuingia. Mzazi anayesafiri peke yake na mtoto abebe barua ya idhini ya mzazi mwenzake, pamoja na nakala ya cheti cha kuzaliwa, hasa ikiwa jina la mwisho la mtoto si lake. Baadhi ya nchi hudai pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo hutolewa kwa kawaida kuanzia miezi 9, na cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano. Anayechanjwa siku tatu kabla ya kuondoka atakuwa amechanjwa, lakini cheti chake hakitatambuliwa bado.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wazazi wengi hawaulizi, nasi tungependa waulize: je, mtoto apakatwe au awe na kiti chake?

Tarehe 19 Julai 1989 ndege aina ya DC-10 ya shirika la United Airlines, iliyotoka Denver kwenda Chicago ikiwa na watu 296, ilipoteza mfumo wa kuiongoza na kuanguka ilipokuwa ikijaribu kutua Sioux City, Marekani. Watu 112 walipoteza maisha. Ndani yake walikuwamo watoto wanne wa kupakatwa. Kwa kufuata maelekezo ya wakati huo, wahudumu waliwaambia wazazi wawalaze watoto sakafuni na kuwashikilia. Baadhi ya wazazi hawakuweza kuwashikilia watoto wao kwa nguvu ile, na mmoja wa wale wanne alifariki. Tangu hapo wachunguzi wa ajali wa Marekani wamependekeza kwamba kila mtoto awe na kiti na mkanda wake. Mamlaka ya anga ya nchi hiyo haikulifanya sharti, ikitoa hoja kwamba wazazi wakilazimishwa kununua kiti cha ziada wengi watasafiri kwa gari, na barabara huua watoto wengi kuliko anga. Hoja hiyo ina uzito wake. Haisemi, hata hivyo, kwamba mapaja ni salama.

Ajali kubwa ni nadra sana. Linalotokea mara kwa mara ni ndege kutikiswa ghafla na mawimbi ya hewa, wakati mwingine pasipo onyo. Mtoto wa kilo 10, ndege ikishtuka kwa nguvu mara tatu ya uzito wa kawaida, huwa kama mzigo wa kilo 30 unaojaribu kukutoka mikononi, na pengine umesinzia. Kwa hiyo ushauri wetu ni huu: mwenye uwezo wa kumlipia mtoto kiti katika safari ya saa kumi na zaidi, amlipie, na aulize shirika ni kiti gani cha kufungia mtoto kinachokubaliwa ndegeni. Si kila kiti cha mtoto cha garini hufaa. Sharti kiwe na lebo inayosema kimeidhinishwa kutumika kwenye ndege, na kiingie katika upana wa kiti cha abiria, ambao katika daraja la kawaida ni kama sentimita 43. Kwa mtoto aliyevuka mwaka mmoja ipo pia mikanda ya mabegani inayofungwa kwenye kiti cha ndege chenyewe, nayo ni myepesi kubeba.

Tunajua kwamba kwa familia nyingi za kusini kiti cha ziada ni mapato ya korosho ya msimu mzima. Ambaye hawezi, basi ampakate kwa namna iliyo bora. Mashirika mengi hutoa mkanda mfupi wa mtoto unaopitishwa kwenye mkanda wa mzazi; uombe mara unapoketi. Kamwe usiuzungushe mkanda wako mmoja ukawafunga wote wawili, kwa maana ndege ikisimama ghafla mwili wako utamgandamiza mtoto dhidi ya mkanda. Na mbeleko, pamoja na wema wake wote, si mkanda wa usalama. Itakufaa sana uwanjani na katika foleni za uhamiaji, tena kuliko kigari cha magurudumu, lakini wakati wa kuruka na kutua mhudumu atakutaka umtoe mtoto ndani yake. Barakoa za hewa zikishuka, vaa yako kwanza ndipo umvalishe mtoto. Wazazi huliona hili kuwa ni ukatili. Ukweli ni kwamba mtu mzima aliyekosa hewa huzimia baada ya muda mfupi tu, na aliyezimia hawezi kumvalisha mtu.

Ndege za safari ndefu zina vitanda vidogo vya watoto vinavyotundikwa kwenye ukuta ulio mbele ya viti vya safu fulani. Ni vichache na huombwa wakati wa kukata tiketi. Vina kikomo cha uzito, mara nyingi kilo 10 au 11, na kila mara taa ya mikanda ikiwaka mtoto hutolewa kitandani na kurudi mapajani. Usikitegemee sana.

Masikio ya mtoto huuma zaidi ndege inaposhuka kuliko inapopanda, na kushuka huanza kama nusu saa kabla ya kutua. Mwamshe wakati huo, umnyonyeshe au umpe chupa; kumeza ndiko kunakoyafungua. Mwenye mafua makali au maumivu ya sikio apelekwe kwanza kituo cha afya. Wapo wanaoshauriana kumpa mtoto dawa ya usingizi ili abiria wengine wapumzike. Tunalikataza hili bila kumung'unya maneno. Promethazini, ambayo watu huipata dukani kwa urahisi kama dawa ya mafua au kichefuchefu, haipaswi kabisa kupewa mtoto wa chini ya miaka 2, kwani imewahi kuzuia upumuaji wa watoto wadogo hadi kifo. Abiria wanaokerwa na kilio watavumilia.

Kuhusu chakula, kikomo cha mililita 100 za kimiminika katika mzigo wa mkononi hakiwekwi kwa maziwa na chakula cha mtoto, alimradi kiasi kilingane na safari na ukitoe kwenye begi ukionyeshe maofisa wa ukaguzi wenyewe. Chukua nepi na nguo za ziada za saa nyingi kuliko zilizoandikwa kwenye tiketi.

Tiketi hiyo, ikiwezekana, iwe moja kwa safari nzima. Ukikata ya Mtwara hadi Dar es Salaam kwa shirika moja na ya Dar es Salaam hadi ng'ambo kwa jingine, kila moja kivyake, ndege ya kwanza ikichelewa shirika la pili halina wajibu wa kukungoja wala kukurudishia nauli. Kwenye tiketi moja wajibu wa kukufikisha hubaki kwa waliokuuzia. Kwa anayekwenda Dar es Salaam kwa basi hakuna kinga ya namna hiyo hata kidogo. Mwanzoni mwa Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara kuu ilikatika eneo la Somanga na magari yakakwama. Katika miezi ya masika ondoka siku mbili kabla. Gharama ya kulala Dar es Salaam ni ndogo kuliko tiketi iliyopotea.

Likitokea tatizo upande wa shirika, Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, unaoliwajibisha shirika kwa hasara itokanayo na kuchelewa, isipokuwa lithibitishe kuwa lilichukua kila hatua inayostahili kuizuia. Begi likichelewa na nepi zote zimo ndani yake, nunua zinazohitajika kwa kiasi na utunze risiti. Tangu 28 Desemba 2024 kikomo cha fidia ya mizigo kwa abiria mmoja ni 1,519 kwa kipimo cha SDR cha Shirika la Fedha la Kimataifa, takriban dola 2,000 za Marekani. Kabla ya kutoka uwanjani andikisha taarifa kwenye dawati la mizigo na upewe nakala. Kisha lalamika kwa maandishi: ndani ya siku 7 tangu kupokea begi lililoharibika, na ndani ya siku 21 tangu kukabidhiwa lililochelewa. Muda huo ukipita, dai huanguka hata kama ni la haki. Shirika lisipojibu, au likijibu usiporidhika, lete nakala ya barua yako, tiketi na risiti kwetu. Malalamiko yasiyo na karatasi hutuwia vigumu sana kuyasukuma.