Dondoo muhimu: Klasiki ya kuamsha mwili
Wengi hudhani muziki wa klasiki ni wa kubembelezea usingizi, kwa sababu wamezoea kusikia vipande vya polepole. Kinachochangamsha ni kasi ya mapigo, si umaarufu wa mtunzi. Utangulizi wa opera ya Mozart, Le nozze di Figaro (1786), huenda mbio kwa dakika kama 4: huanza kwa sauti ya chini, kisha okestra nzima hulipuka. Utasema bongo fleva nayo huchangamsha. Ni kweli, ila katika vipande hivi hakuna maneno ya kukuvuruga unaposoma au kuandika. Ukifanya usafi, weka mwisho wa utangulizi wa opera ya Rossini, Guillaume Tell (1829), wenye mwendo wa farasi. Tafuta vipande vilivyoandikwa Allegro (haraka) au Presto (haraka sana). Adagio (polepole) iache hadi usiku.