Nani bingwa wa tarumbeta?

SWALI: Ninaendesha kipindi cha jazi katika redio ya mtaani kwetu. Kila nikigusia wapiga tarumbeta, simu zinageuka ugomvi: Armstrong au Miles Davis? Niwatulizeje wasikilizaji?

JIBU: Usiwatulize, ndugu yangu, ugomvi huo ndio kipindi chenyewe. Kosa ni kuuliza "nani bora" kabla muziki haujalia. Anza na "West End Blues" ya Louis Armstrong, 1928. Anaufungua peke yake, bendi kimya, na katika sekunde zisizofika 20 ameshamaliza kazi. Kisha, bila kutaja jina, piga "Blue in Green" ya Miles, 1959: tarumbeta imezibwa mdomo, noti chache, pumzi ndefu. Sasa uliza: yupi amekugusa, na ni dakika ya ngapi? Anayepiga simu akitaja dakika, mpe muda. Anayetaja jina tu, mshukuru, chukua simu nyingine.

Mimi kura yangu ni ya Clifford Brown, aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 1956 akiwa na miaka 25. Lakini hiyo itaje mwishoni, simu zikiwa zimefungwa.