Mzazi Aliye Mbali na Ndugu Apate Wapi Ushauri?

Swali: Mzazi mpya anayeishi Dar es Salaam, mbali na mama na shangazi zake, apate wapi msaada wa malezi?

Jibu: Pa kuanzia ni kliniki ya mama na mtoto, ambako mtoto hupimwa uzito na nukta za vipimo huunganishwa kwenye kadi yake kuonyesha mwenendo wa ukuaji. Yupo pia mhudumu wa afya ngazi ya jamii, yaani mkazi wa mtaa aliyefunzwa kutembelea kaya na kutoa rufaa. Majirani na wanakikoba, yaani wanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa, hufaa kwa kumshika mtoto ili mama apumzike, ingawa ushauri wao wa kumpa maji kabla ya miezi 6 haufai kufuatwa pasipo agizo la mtaalamu. Panapotokea ukatili dhidi ya mtoto, namba 116 hupigwa bila malipo.