Taa Moja, Majina Mengi

Wasomaji wenzangu, simameni usiku kando ya barabara iteremkayo kutoka Namirembe. Lori likija likiwaelekea, taa zake huwatia kiwi, hata lori lenyewe msilione. Likipita ubavuni, mwaliona bodi yake yote, na nuru yake ikimulika mbele. Lori ni lile lile; tofauti ni pale mliposimama.

Ndivyo zilivyo galaksi zenye kiini kiwakacho. Katikati mna shimo jeusi, lenye uzito wa mamilioni hata mabilioni ya Jua. Gesi inayolizunguka hupata moto mkali ikang'aa, na nje yake limo duara nene la vumbi, mfano wa gurudumu. Baadhi ya galaksi hizo hurusha mikondo miwili, huku na huku, kwa mwendo ukaribiao ule wa nuru.

Tukiitazama kwa ubavu, vumbi hutufichia kiini. Ndiyo hali ya Centaurus A, iliyoko kusini mwa anga la Kampala. Tukiitazama kwa mshazari, kiini huonekana. Kikiwa na nuru nyingi sana, twakiita kwasa. Mkondo ukitulenga sisi, nuru yake huzidi mara nyingi. Hiyo ni blaza.

Mwaka 1963 Maarten Schmidt aligundua kuwa 3C 273, iliyofanana na nyota, i mbali mno kupita nyota zetu. Kwa miaka mingi wataalamu waliviweka vitu hivi mafungu mbalimbali. Tofauti nyingine ni za kweli, lakini nyingi zatokana na pembe ya kutazamia.

Basi, kabla hujakipa kitu jina, jiulize: mimi nimesimama wapi?