Ufunguo wa Gari na Gamba Lake Lililochakaa

Ziko kazi ndogo ambazo mtu aweza kuzifanya mezani pake kwa nusu saa, lakini akizifanya pasipo maarifa zitamtia hasara kubwa. Mojawapo ni kubadili gamba la ufunguo wa gari, yaani ule wenye vitufe vya kufunga na kufungua milango kwa mbali. Vitufe vya mpira hutoboka kwa kubonyezwa kila siku. Plastiki hupasuka kwa kuanguka. Tundu la pete hukatika. Ndipo mwenye gari huufunga ufunguo wake kwa uzi, akidhani ya kuwa imempasa kununua mwingine kwa bei kali. Lakini mara nyingi kilichoharibika ni gamba tu, nalo gamba tupu, ambalo wengi huliita kava, hupatikana kwa fedha kidogo. Basi na tujifunze kwanza yaliyomo ndani, kisha namna ya kuyahamisha.

1. Ndani ya gamba mna nini?

Mna vitu vinne. Cha kwanza ni chuma chenye meno, kigeuzacho kitasa. Cha pili ni betri ya duara, mfano wa sarafu. Cha tatu ni kibao cha sakiti, kitoacho mawimbi ya redio kila kitufe kibonyezwapo. Cha nne ni chipu, nayo ndiyo isahauliwayo na wengi.

Chipu hii ni ndogo mno. Katika funguo nyingi ni kipande cheusi mfano wa kabari, au kijineli cha kioo, urefu wake milimita 12 hivi. Haihitaji betri. Ufunguo ukitiwa katika swichi, waya zilizozungushwa kandokando ya tundu lake hutoa mawimbi. Mawimbi hayo huipa chipu nguvu, nayo hujibu kwa namba yake ya siri. Gari likiitambua namba, injini huwaka. Lisipoitambua, injini haiwaki, au huwaka kitambo kidogo ikazimika, hata kama meno ya ufunguo ni sahihi. Ulinzi huu ulienea katika miaka ya 1990 kwa sababu ya wezi, na tangu 1998 magari mapya ya abiria katika Umoja wa Ulaya yalilazimika kuwa nao.

2. Hatari iliyo kubwa

Tuseme mtu amenunua gamba jipya. Akahamisha kibao, betri na chuma, akabonyeza kitufe, milango ikafunguka. Akafurahi, akalitupa gamba la kale pamoja na takataka. Usiku ule jirani akaja mbio: mkewe ameshikwa na uchungu wa uzazi, apelekwe hospitali. Mlango wa gari ukafunguka vema, lakini injini haikuwaka. Kwa nini? Kwa sababu chipu ilikuwa imegandamana pembeni mwa gamba la kale, nalo limekwisha kuchomwa moto. Tena yakumbukwe kwamba magari mengi ya Tanzania na Kenya yalitumika kwanza Japani, na mara nyingi mnunuzi hupata ufunguo mmoja tu. Huyo hana wa akiba.

Kwa hiyo shikeni neno hili: kufunguka kwa mlango si ushahidi kwamba kazi imekwisha. Mlango hufunguliwa na kibao. Injini huruhusiwa na chipu. Gamba la kale lisitupwe mpaka injini imewashwa kwa gamba jipya, ikazimwa, ikawashwa tena.

3. Kuchagua gamba jipya

Chukua ufunguo wako dukani, usitegemee macho ya moyoni. Hesabu vitufe, tazama vilivyopangwa, linganisha umbo la chuma na mahali kinapoingia. Kisha ufungueni ule wa kale pamoja na muuzaji, mwone kama kibao chaketi sawasawa katika gamba jipya. Kwani magamba mawili yaweza kufanana nje yakatofautiana ndani. Chuma kijacho na gamba jipya kwa kawaida hakina meno. Basi ama utahamisha chuma chako cha kale, ama fundi wa funguo atakuchongea meno yale yale.

4. Kazi yenyewe

Tandika kitambaa cheupe mezani, ili kitu kidogo kikianguka kionekane. Tazama kama gamba lina skrubu, uifungue kwanza. Kisha tia ncha ya bisibisi bapa katika ufa wa gamba, uizungushe polepole. Usitumie nguvu, wala usiichomeke ndani sana. Kabla ya kutoa cho chote, piga picha kwa simu, upate kukumbuka kila kitu kilivyokaa.

Kitoe kibao kwa kukishika kingoni, usiguse uso wake. Itafute chipu katika kila pembe ya gamba. Ikiwa imeshikwa na gundi, kwangua plastiki iliyo kando yake, usiichokonoe yenyewe, maana yavunjika upesi. Katika funguo nyingine chipu imeungwa juu ya kibao. Hapo haina haja ya kuhamishwa peke yake. Usipoiona kabisa, simama, umpelekee fundi. Chuma kikiwa kimezuiwa na pini, nayo haitoki kwa kugongwa taratibu, hiyo pia mwachie fundi.

Betri irudishwe kwa upande wake. Alama ya kujumlisha imechorwa juu yake. Ukinunua mpya, soma namba. CR2032 maana yake upana milimita 20 na unene milimita 3.2, CR2016 ina upana huo huo, lakini unene wake ni 1.6 tu, hivyo italegea.

5. Neno juu ya watoto

Betri hii ni ndogo, yang'aa, na mtoto hupenda kuitia kinywani. Ikikwama kooni yaweza kuunguza nyama ya ndani kwa muda wa saa mbili, hata kama ilikuwa imechoka. Mtoto akiimeza, msimtapishe, wala msingoje kuona dalili. Mpelekeni hospitali saa ile ile. Betri ya kale ifungwe kwa selotepu, iwekwe mbali nao.

Maswali ya kujipima

Ni kitu gani kiruhusucho injini kuwaka? Kwa nini mlango waweza kufunguka na injini isiwake? Gamba la kale lawezaje kutupwa, na lini? Mwenye kuyajibu haya aweza kuifanya kazi hii kwa moyo mtulivu, na kumfundisha jirani yake.