Kifungo Kilichozama

Kesho yake palikuwa na arusi huko Kituku, kando ya Ziwa Kivu. Lakini kodiani ya mjomba ilikuwa na kasoro. Kifungo kimoja kilizama, na sauti yake ililia yenyewe.

Mtoto alishika koleo akivute. «Acha, mwanangu! Utapinda kijiti chake.»

Mjomba akafungua kifuniko. Chini ya kila kifungo mna kijiti cha chuma, springi, na kizibo chenye ngozi. Ukibonyeza, kizibo huinuka. Upepo hupita na kutikisa ulimi wa chuma. Ukiacha, springi hufunga kizibo.

Springi moja ilitoka mahali pake. Mjomba akairudisha polepole. Kifungo kikapanda, kikalingana na vingine.

Tafuta sababu kwanza, ndipo utengeneze.

Maswali
1. Springi ina kazi gani?
2. Kwa nini mtoto alikatazwa?