Giza Lililotangulia Nyota

Katika darasa la kipaimara kijana aliuliza: ikiwa jua liliumbwa siku ya nne, nuru ya kwanza ilitoka wapi? Mimi simlazimishi Musa kufundisha sayansi. Lakini wataalamu nao husimulia giza. Ulimwengu ulipotimiza miaka kama 380,000 ulikuwa umepoa, umejaa gesi ya haidrojeni, pasipo nyota hata moja. Nyota zilipowaka, mionzi yake mikali iling'oa elektroni kutoka atomi za gesi ile, mahali hapa na pale, kama mapovu yanayopanuka mpaka yakakutana. Ilichukua karibu miaka bilioni 1. Darubini ya James Webb, iliyorushwa siku ya Noeli 2021, imeona galaksi ikitoboa ukungu huo miaka milioni 330 tu baada ya mwanzo, mapema kuliko walivyotazamia.